Lebo nyeupe, lebo iliyofifia, lebo inayoruka: kutafuta hitilafu ya printa ya joto

Mama mmoja wa Chake Chake alinitumia picha kwa simu: chupa kumi na mbili za mafuta ya karafuu zimepangwa barazani, kila moja imebandikwa lebo, na hakuna lebo hata moja yenye herufi. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi nimezipeleka dukani zimeandikwa vizuri kabisa. Leo wananirudishia, wanasema hawauzi kitu kisicho na jina wala tarehe. Hii printa niliyouziwa mbovu."

"Mama, hebu chukua lebo mpya ambayo hujaichapa, uikwaruze kwa ukucha. Unaona nini?"

Akanyamaza kidogo. "Naona mstari mweusi."

Hapo tatizo nikalijua nikiwa Unguja, bila kuiona mashine yake. Printa yake ilikuwa nzima.

Kazi yangu ni kuwachapia lebo watu wanaofungasha bidhaa ndogondogo: viungo, sabuni za mwani, asali, achari, mafuta ya karafuu na ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Simu nyingi ninazopokea huanza kwa "printa imekufa", na nyingi huishia kwa neno moja lililoeleweka vibaya siku ya kununua mashine, karatasi au riboni. Fedha hupotea hapo, na kwa mtu anayeuza pakiti za mdalasini hasara hiyo anaisikia. Basi nitakwenda kwa dalili, na kila neno nitalieleza pale linapohitajika.

"Maandishi yalikuwepo, sasa hayapo"

Neno "thermal" lililoandikwa kwenye boksi linabeba mashine za aina mbili, na wauzaji wengi hawazitenganishi.

Ya kwanza mimi naiita printa ya joto tupu. Kwenye menyu utaikuta kwa jina la Direct Thermal. Haina wino wowote. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali, ikiguswa na joto inageuka nyeusi. Ndiyo karatasi ya risiti za madukani, na ndiyo sababu ukucha unaacha alama: msuguano wa kukwaruza unazalisha joto la kutosha kuiamsha kemikali. Ya pili ni printa ya riboni, kwenye menyu Thermal Transfer. Hii ina utepe mwembamba wenye wino mkavu. Hedi, ile sehemu ya ndani inayotoa joto, inaupasha moto utepe, wino unayeyuka na kuhamia kwenye lebo. Karatasi ya kawaida ya riboni ukiikwaruza kwa ukucha haigeuki rangi.

Maandishi ya joto tupu hayadumu. Jua huyafifisha. Joto kali huigeuza karatasi nzima kuwa ya kijivu au nyeusi, kama pakiti iliyosahauliwa mbele ya gari lililoegeshwa juani mchana kutwa. Halafu kuna mafuta, ambayo huivunja ile kemikali na kuirudisha karatasi kuwa nyeupe, na spiriti, ambayo nayo huiharibu. Mafuta ya karafuu yamejaa eujenoli, na eujenoli ni kiyeyushaji kikali. Tone moja likivuja kwenye kifuniko, likateremka ubavuni mwa chupa, lebo ya joto tupu haina kinga. Chupa za yule mama zilikuwa zimejazwa kwa mkono kwa faneli, na kila moja ilikuwa na unyevu wa mafuta shingoni. Zilipokaa ndani ya boksi lililofungwa, mvuke ukamaliza kazi.

Zipo karatasi za joto tupu zilizopakwa tabaka la juu la kinga. Zinavumilia maji na vidole vyenye mafuta kwa muda zaidi, na kwa pakiti ya viungo vikavu itakayouzwa ndani ya wiki chache zinatosha. Lebo ya mzigo unaopanda boti asubuhi na kupokelewa Dar mchana, ichape kwa joto tupu bila wasiwasi, maana riboni hapo ni gharama ya bure. Lakini mafuta, sabuni, vipodozi, na kitu chochote kitakachokaa rafuni miezi au kupigwa na jua kwenye meza ya kuuzia watalii, vinataka riboni. Katika hili mimi sina maelewano na mtu. Tarehe ya mwisho wa matumizi ikifutika, anayeumia ni mnunuzi.

Baadhi ya printa za riboni hufanya kazi zote mbili: unatoa riboni, unabadilisha chaguo kwenye menyu, unaweka karatasi ya joto tupu. Za joto tupu peke yake haziwezi kinyume chake, kwa sababu hazina pahala pa kupachika riboni. Fungua kifuniko kabla ya kulipa. Ukiona nafasi ya roli moja tu, umeshajua unanunua nini.

"Inatoa lebo, lakini nyeupe kabisa"

Kama ni joto tupu, geuza roli. Upande wenye kemikali lazima uiguse hedi. Tumia ukucha kuutafuta.

Kama ni riboni, angalia mambo mawili. Kwanza, chaguo la menyu au la draiva (programu ya kompyuta inayoiendesha printa) lisiwe limebaki Direct Thermal. Pili, upande wa wino. Riboni huviringwa kwa namna mbili: wino ukiwa nje ya roli au ukiwa ndani. Mashine yako inataka moja, na ukinunua nyengine wino utaitazama hedi badala ya kuitazama lebo. Hutapata herufi, na hedi utaichafua. Kuujua upande ni rahisi: bandua lebo moja, gusisha gundi yake kwenye uso wa nje wa riboni, kisha ivute. Ikitoka na weusi, wino uko nje.

"Nikipitisha kidole, wino unatoka"

Riboni ziko za nta, za nta iliyochanganywa na rezini, na za rezini tupu, yaani plastiki ngumu.

Nta ni rahisi kwa bei na inayeyuka kwa joto dogo. Inashika vizuri kwenye karatasi, lakini inakwaruzika, na mafuta huipangusa. Mchanganyiko unashika kwenye karatasi laini yenye mng'ao na kwenye baadhi ya plastiki. Rezini ni ngumu kuliko zote, inastahimili mafuta na spiriti, ila inataka lebo ya plastiki, joto kubwa na mwendo wa polepole.

Kwa hiyo anayepangusika wino aangalie kwanza ndoa ya riboni na lebo. Nta juu ya lebo ya plastiki itatoka kwa kidole hata ukipandisha joto mpaka mwisho. Rezini juu ya karatasi ya kawaida itashika kwa madoadoa. Watu wengi wa sabuni za mwani Paje na Jambiani huanza na karatasi na nta kwa sababu ndiyo iliyopatikana, na sabuni yenyewe inakaa maliwatoni inapigwa maji! Hao nawaambia: plastiki na rezini, au angalau plastiki na mchanganyiko, halafu loweka lebo moja kwenye maji ya sabuni usiku kucha kabla ya kuchapa elfu.

Ndoa ikiwa sawa na bado wino unatoka, ndipo uguse joto na mwendo. Joto kwenye menyu limeandikwa Darkness, na neno hilo huwapoteza watu. Wanadhani ni kama kuongeza weusi kwenye picha ya simu, kumbe unaiamuru hedi iwake zaidi. Mwendo huhesabiwa kwa inchi kwa sekunde: 2 ni karibu milimita 51, 4 ni karibu milimita 102. Mimi hushusha mwendo kwanza, kisha ndiyo napandisha joto, hatua moja moja, nikichapa lebo moja kila mara. Joto kubwa kila siku huila hedi, na hedi ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote ndani ya mashine.

"Kuna mstari mweupe unaokata maandishi"

Chukua lebo tatu zilizotoka mfululizo, uzipange juu na chini kama zilivyotoka. Mstari umenyooka sawa na mwendo wa karatasi, na uko pahala pale pale kwenye lebo zote? Hiyo ni hedi. Mstari umekaa mshazari, unahama, umbo lake kama mkunjo wa kanga? Hiyo ni riboni imejikunja.

Hedi ni ukingo mwembamba wenye nukta ndogo za kupasha moto zilizopangwa mstari mmoja. Printa ya nukta 203 kwa inchi yenye upana wa kuchapa wa milimita 104 ina nukta 832, yaani nane kwa kila milimita. Nukta moja ikifunikwa na uchafu, au ikifa, inaacha uzi mweupe kwenye kila lebo itakayopita.

Namna ya kusafisha ni hii. Zima mashine, uchomoe waya, uiache ipoe. Chukua spiriti ya isopropili na kijiti cha pamba, upanguse kutoka katikati kwenda pembeni, kwa mkono mwepesi. Utaona pamba inatoka na rangi ya kijivu, mara nyengine na ute wa gundi. Badilisha kijiti, rudia mpaka pamba itoke nyeupe. Pangusa pia rola ya mpira iliyo chini, huku ukiizungusha taratibu. Subiri ikauke kabisa ndipo ufunge. Baadhi ya spiriti za kupaka mwilini zimetiwa mafuta ndani yake, kwa hiyo soma chupa. Hiyo ya mafuta utakuwa unapaka uchafu mwengine. Na usiguse hedi kwa vidole, kwani jasho lina chumvi na mafuta, na chumvi huku kwetu tunayo ya kutosha hewani.

Nimewahi kuletewa mashine ambayo hedi yake ilikwanguliwa kwa ncha ya kisu ili kutoa gundi iliyoganda. Ukiinamisha kwenye mwanga, mikwaruzo minne inaonekana, na kila mkwaruzo una mstari wake mweupe kwenye lebo. Hapo hakuna la kusafisha tena, ni kununua hedi mpya. Niliumia, kwa sababu mwenyewe aliitunza ile mashine kwa nia njema kabisa, ila hakuna aliyemwonyesha.

Ukisafisha mara mbili na mstari haujatoka, nukta imekufa. Mpaka upate hedi nyengine, sogeza maandishi kwenye muundo wa lebo ili mstari upite kwenye nafasi tupu. Usiuache upite kwenye bakodi, ile mistari inayosomwa na mashine dukani, hata siku moja.

Tabia ya kuzoea: kila unapobadilisha roli au riboni, pangusa hedi. Na riboni iwe pana kuliko lebo kidogo. Ikiwa nyembamba, ukingo wa karatasi unasugua hedi bila kitu katikati, na karatasi ni msasa.

Mkunjo wa riboni husababishwa na riboni kupachikwa upande upande, riboni kuwa pana mno kwa lebo nyembamba, mkazo usio sawa kushoto na kulia, au joto kupita kiasi. Ipachike upya, ivute inyooke, ushushe joto. Mara nyingi inatosha.

"Inaruka lebo moja, au maandishi yanateremka kila mara"

Printa haijui lebo inaanzia wapi mpaka iambiwe, na kuna namna tatu za kuiambia. Lebo zenye mwanya, Gap kwenye menyu, zina nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya lebo na lebo, na sensa, yaani jicho la mashine, inapitisha mwanga ndani ya karatasi ya nyuma inayobeba lebo ili kuuona mwanya huo. Zenye alama nyeusi zina mstari mweusi uliochapwa nyuma, na sensa inatazama mwanga unavyorudi. Zisizokatika hazina alama yoyote, mashine inapima urefu tu. Chaguo likiwa moja na karatasi ikawa nyengine, printa itatoa lebo tano tupu ikitafuta kitu kisichokuwepo, kisha itawasha taa nyekundu.

Baada ya kuchagua sawasawa, fanya kalibresheni: mashine inavuta lebo chache na kuupima mwanya wenyewe. Kwenye printa nyingi ni kubonyeza na kushikilia kitufe cha kusukuma karatasi. Fanya kila unapobadilisha aina ya lebo, hata kama ukubwa ni ule ule, kwa sababu karatasi ya nyuma ya kampuni moja ni nzito kuliko ya nyengine na mwanga hupita tofauti.

Kosa la tatu liko kwenye kompyuta. Lebo ni milimita 50 kwa 30, draiva inadhani ni 100 kwa 150. Pima kwa rula, andika vipimo vyenyewe.

Masika huleta tatizo lake. Karatasi ikinyonya unyevu hujikunja, kingo za lebo huinuka, na mwanya mmoja unaonekana mpana kuliko mwengine. Roli ambazo hujazianza zifunge ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na sakafu.

"Bakodi inaonekana vizuri, lakini skana haisomi"

Bakodi nyingi za bidhaa za dukani ni zile za tarakimu 13. Namba iliyotolewa kupitia GS1 Tanzania, shirika linalogawa namba za bakodi, huanza na 620. Ukubwa wake wa asilimia 100, pamoja na nafasi tupu za pembeni, ni milimita 37.29 kwa upana, na mstari wake mwembamba kabisa ni milimita 0.33. Kwa kawaida unaruhusiwa kuipunguza mpaka asilimia 80.

Sasa linganisha na nukta. Printa ya nukta 203 ina nukta ya milimita 0.125, na haiwezi kuchapa nusu nukta. Mstari mwembamba wa nukta mbili ni 0.25, chini ya asilimia 80; GS1 huukubali kwa uchapaji wa papo hapo tu, kama wa printa hizi za joto, na uko ukingoni kabisa. Wa nukta tatu ni 0.375, kiasi cha asilimia 114, na bakodi nzima inakuwa na upana wa milimita 42.4. Wewe lebo yako ina milimita 40. Haiingii!

Hapo ndipo watu huichukua bakodi kama picha na kuiburuta kwa panya mpaka itoshe. Kompyuta inatii. Mistari mengine inapewa nukta mbili, mengine tatu, bila mpangilio. Kwa jicho ni nzuri, skana inaiona takataka. Pakiti za iliki zimewahi kurudishwa na supamaketi kwa sababu hiyo tu, na mwenye mali akaambiwa namba yake si halali. Namba ilikuwa halali.

Dawa ziko tatu. Nunua lebo ya milimita 50. Au tumia printa ya nukta 300: mstari wa nukta nne unakuwa karibu 0.339, bakodi nzima milimita 38.3, inaenea kwenye lebo ya 40 kwa shida, mradi umeipachika sawa. Au igeuze bakodi ilale upande mrefu wa lebo. Lakini ukiigeuza, angalia mistari imekaaje kwa mwendo wa karatasi. Ikifuata mwendo, imesimama kama ua wa makuti, inatoka safi. Ikiukata mwendo, imekaa kama ngazi, na hedi iliyokuwa ya moto haipoi papo hapo, basi kila mstari unaburuta mkia kidogo. Bakodi ya ngazi ichape kwa mwendo wa polepole na joto la wastani.

Na bakodi itengeneze ndani ya programu ya lebo, kwa kuandika namba, usibandike picha. Acha nafasi tupu pembeni: kushoto mara 11 ya mstari mwembamba, kulia mara 7. Nembo ya karafuu ni nzuri, lakini jani lake lisiingie humo. Ukiona mistari myeusi imevimba na nafasi nyeupe zimebanwa, shusha joto. Bakodi nyeusi mno inakataliwa sawa na iliyofifia.

"Roli haiingii"

Kabla ya kutuma fedha Kariakoo, pima vitu vitatu kwenye roli inayofanya kazi sasa: tundu la katikati, unene wa roli nzima kutoka ukingo mpaka ukingo, na upana wa lebo. Tundu huwa milimita 25 au 38 kwa printa ndogo za mezani, na 76 kwa kubwa za kiwandani. Printa nyingi za mezani hazipokei roli inayozidi milimita 127 kwa unene.

Ukishanunua kubwa kwa bahati mbaya, usiitupe. Printa nyingi za mezani zina mwanya nyuma wa kupitishia karatasi kutoka nje. Nilimpelekea fundi seremala wa Mwanakwerekwe vipimo, akanitengenezea vibao viwili vya kusimama na ufito katikati. Roli inakaa humo nyuma ya mashine na kuzunguka bila kukwama. Hakikisha tu ufito umelingana sawa na mwanya, maana ukikaa upande karatasi itaingia mshazari na utarudi kwenye shida ya lebo kuruka.